Nikiifuata laini kubwa: Dodoma hadi Sumbawanga na mita mfukoni

Nimerudi Dodoma, hii wiki ya pili. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye kitabu cha risiti ninachoandikia wateja, pamoja na picha zilizobaki kwenye simu baada ya kufuta zile nilizopiga vidole vyangu mwenyewe. Saa nyingine nimekadiria. Nauli niliandika palepale, konda akiwa bado anatafuta chenji.

Kwanza mjue kazi yangu: mimi ni fundi friji. Friji nyingi zinazoletwa kibandani kwangu zimeuawa na muuaji mmoja, umeme mdogo. Kompresa ikikosa nguvu ya kuanza inaguna, inagonga "kwek", inazima. Baada ya dakika mbili inajaribu tena. Ukiiacha hivyo usiku kucha, asubuhi unakuta waya za ndani zimeungua na nyumba inanuka. Dada yangu anayeishi Sumbawanga ameunguza kompresa mbili katika mwaka mmoja na nusu, na yeye anauza samaki, kwa hiyo friza kwake ndiyo duka lenyewe. Akanipigia: "Mdogo wangu, njoo uione kwa macho yako. Mafundi wa huku wamenichosha."

Ningeweza kwenda bila kulala njiani zaidi ya usiku mmoja. Lakini kwa muda mrefu nilikuwa nasikia habari za TAZA, laini ya msongo wa kilovolti 400 iliyokuwa inajengwa mwaka 2024 kutoka Iringa kupitia Kisada, Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 600, ili gridi yetu ije kushikana na ya Zambia. Fedha zake zinatoka Benki ya Dunia, Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Umoja wa Ulaya. Nikasema, kama ninakwenda huko huko, si niifuate tu? Kila nitakapolala nitachomeka mita kwenye soketi saa 2 usiku, wakati kila nyumba inapika na kuwasha taa, niandike volti. Inayotakiwa ni 230.

Siku ya 1, Jumatatu 11 Novemba 2024: Dodoma – Mtera – Iringa

Basi la saa 12 asubuhi liliondoka saa 1 na nusu. Nauli 15,000. Kilomita ni kama 260, lami mwanzo mwisho. Kabla ya kufika Mtera tairi la nyuma likapasuka. Tulishuka wote, jua la Novemba linawaka, kivuli ni cha mbuyu mmoja tu. Mama aliyekuwa anateremkia Migori akatandika khanga yake, akafungua mfuko wa karanga, akaanza kugawa kama vile sisi ndio tuliokuwa wageni wake pale. Dereva naye alipewa, akiwa amelala chini ya basi, mkono tu ndio unaonekana. Saa moja na dakika kumi.

Barabara inapita juu ya tuta la bwawa. Konda alikumbusha kila mtu aweke simu chini, hapo hapapigwi picha, na msijaribu. Ukichungulia kulia na kushoto unaona maji upande mmoja na korongo upande wa pili, basi. Mitambo ya Mtera ni miwili, megawati 80 kwa jumla, inafanya kazi tangu mwaka 1988. Kilichonikaa kichwani ni safari ya maji yenyewe. Yakitoka hapo yanashuka na mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu, yanazungusha mitambo mingine ya megawati 204. Halafu Ruaha unaingia Rufiji, na kwenye Rufiji sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, mashine tisa za megawati 235 kila moja. Maji yaleyale yanalipwa mshahara mara tatu.

Migori nilikula perege wa kukaanga na ugali kwa 4,000. Samaki mzima, kichwa na vyote. Ukipanda mlima Nyang'oro kaa upande wa dirisha la kushoto kama unapenda mandhari, kulia kama una roho nyepesi.

Iringa niliingia saa 9 alasiri. Mpwa wangu, mtoto wa huyo dada, anasomea umeme hapa Iringa na alikuwa mapumzikoni, akanipokea stendi ya Igumbilo akiwa na begi tayari. "Mjomba, nakwenda na wewe mpaka kwa mama. Lakini vituo nitakuonesha mimi." Chumba cha vitanda viwili 25,000, maji ya moto yapo. Saa 2 usiku: volti 227.

Siku ya 2, Jumanne: Tagamenda

Tulichukua bajaji hadi karibu na kituo cha kupoza umeme cha Tagamenda, nje kidogo ya mji. Kuingia hatukuingia, na mtu asiwadanganye kwamba mnaweza kuingia bila barua. Mlinzi alikuwa mzee mpole. Alituuliza tunatafuta nini, mpwa akamwambia ni mwanafunzi, na mimi ni mjomba tu. Mzee akacheka, akatuonesha kwa kidole sehemu nje ya eneo ambapo tunaweza kusimama tuone minara bila kumpa kesi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Iringa. Kuelekea kaskazini, laini ya kilovolti 400 tayari ipo: Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga, kilomita 670. Kuelekea kusini, kwa miaka yote hii mzigo umebebwa na laini ya kilovolti 220 iliyojengwa miaka ya 1980, inayopita Mufindi na kuishia Mbeya. Ni kama barabara ya njia nne inayofika mjini kwako halafu inageuka kuwa ya njia moja. Kyela, Tukuyu, Mbozi, Tunduma, wote walikuwa wananing'inia kwenye hiyo njia moja. Ikipata hitilafu hakukuwa na njia ya kuzungukia.

Bwawa la Nyerere liliwasha mashine ya kwanza Februari 2024, na kila kijiweni watu wanajua ni megawati 2,115. Waulize laini ya kutoa huo umeme bwawani inakwenda wapi, kimya. Inakwenda Chalinze, kilomita 160, na kutoka Chalinze hadi Dodoma ndiyo nyingine ilikuwa inajengwa, kilomita 345. Mabwawa tunayaita kwa majina ya marais na mito. Laini zinapewa namba.

Mama anayeuza maandazi na chai karibu na barabara alisema vijana wa mradi humaliza ndoo yake kabla ya saa 2 asubuhi. Maandazi manne na chai, 1,400. Alikataa pesa ya mpwa: "Mwanafunzi huyu, na mwanangu yuko chuo Mbeya, labda kuna mtu anamlisha."

Mchana tulilala. Volti 225.

Siku ya 3, Jumatano: Mafinga, Kisada na kijiji ambacho sikitaji

Iringa–Mafinga 5,000, saa moja na nusu. Ukikaribia Mafinga baridi inaingia kwenye gari kabla hujaona msitu. Huu ndio msitu wa Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Na kama umewahi kuegemea nguzo ya umeme popote Tanzania, kuna uwezekano mkubwa iliota Iringa au Njombe. Kando ya barabara zimepangwa kwa mamia: zimemenywa, zimekauka, zimepigwa dawa, kila moja imegongwa kibati kwenye kitako.

Tulisimama kwenye yadi moja kumsubiri bodaboda. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya nguzo, miwa mkononi.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene. Mnanunua au mnauza?"

Nilimwambia hatununui wala hatuuzi. Akasema yeye alipanda mikaratusi ekari tatu mwaka 2010 akijua nguzo ndiyo pensheni yake. Sasa anasikia shirika la umeme linaweka nguzo za zege. Mpwa akajibu kwa heshima zote: "Ni kweli babu, za zege hazioi kwenye majimaji wala haziungui watu wakichoma mashamba. Kwa hiyo sehemu hizo ndiko zinakopelekwa kwanza."

Mzee akatafuna muwa kidogo. "Mkaratusi ukiukata unachipua. Zege likianguka linachipua nini?"

Mpwa hakuwa na jibu, na mimi pia. Nguzo ya zege ni nzito, inahitaji winchi na barabara ya kupita hiyo winchi. Ya mti vijana kumi wanaibeba mabegani hadi mlimani.

Kisada ni mbele kidogo kwenye barabara kuu ya kwenda Makambako. Udongo mwekundu umesawazishwa, malori yanaingia na kutoka. Kilichonivutia zaidi kilikuwa mkuza. Kati ya mashamba ya mahindi na miti unaona ukanda uliosafishwa, umenyooka kama umepimwa kwa kamba, na ndani yake kila baada ya umbali fulani kuna miguu minne ya zege imesimama yenyewe, nondo zimetokeza juu, inasubiri mnara. Mbuzi walikuwa wamepanda juu ya mmoja. Dereva wa bodaboda alisema shamba la baba yake limepitiwa, fidia walipata, na sehemu iliyo chini ya laini hawatapanda miti tena. "Mahindi ruksa. Miti hapana. Baba amehamia maharage."

Huyo dereva ndiye aliyetuokoa. Mvua ilipiga saa 11 jioni, mvua ya radi, ya kwanza ya msimu. Akageuza pikipiki akatupeleka kwao, kijiji kilichoko kilomita kumi na kitu ndani ya barabara ya vumbi, ambayo kwa dakika kumi iligeuka utelezi. Tulianguka mara moja, polepole. Mama yake alitupa mashuka yake mawili mazuri, akapika ugali, maharage na mboga ya maboga, akaweka ulanzi mezani. Mimi sinywi, mpwa alionja akanitazama kama anaomba ruhusa baada ya kumeza.

Saa 2 usiku nikaomba kuchomeka mita. Volti 164.

Mama akauliza, "Ni ugonjwa?"

Nikamwambia asiweke friji. Akacheka sana, hana mpango wa friji. Taa zake mbili za LED zilikuwa zinawaka vizuri tu, hizo hazichagui. Mpwa akatega sikio. Mbali kidogo mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Ilipofungwa, saa 3 kasoro, nikapima tena: 198. Transfoma ni moja, iko upande wa shule, na nyumba hii iko mwisho wa upande wa pili. Waya mwembamba wa nyumbani umevutwa zaidi ya kilomita. Mwaka 2024 kuunganishiwa umeme vijijini kulikuwa 27,000, mjini 320,960, kwa hiyo kijiji kizima kilijiunga, na kila anayejiunga anaongeza mdomo kwenye sufuria ileile. Dawa yake haina siri: kuisogeza transfoma, au kuongeza ya pili katikati ya kijiji.

*Kwa mtakaopita:* kuanzia Novemba mwishoni usikubali kuingia ndani ya Mufindi kwa bodaboda baada ya saa 9 alasiri. Na bebeni sweta. Watu wa Dodoma huwa hatuamini mpaka tuone moshi unatoka mdomoni.

Siku ya 4, Alhamisi

Mvua. Tulirudi Mafinga kwenye lori la mbao, tukafua nguo, tukalala. Volti 219.

Siku ya 5, Ijumaa: Makambako hadi Mbeya

Mafinga–Makambako 5,000, haraka tu. Makambako ndiyo njia panda: kushoto Njombe na Songea, mbele Mbeya. Reli ya TAZARA nayo inapita hapa. Laini za umeme zimefanya hivyohivyo. Kutoka hapa inachepuka ya kilovolti 220 kwenda Madaba na Songea, kilomita 250, iliyokamilika mwaka 2018 kwa msaada wa Sweden. Kabla ya hapo Songea ilikuwa inaendeshwa na majenereta ya dizeli.

Muuza chipsi pale stendi ni mtu wa Songea. Nilipomtajia majenereta aliacha kugeuza viazi. "Kaka, mlio ule ulikuwa saa yetu. Ukikata, mtaa mzima unajua. Ukianza, watoto wanashangilia. Siku gridi ilipofika nilikosa usingizi, kimya kimezidi." Akatuongezea mishikaki miwili kwa ajili ya hayo mazungumzo. Chipsi kavu 2,000.

Halafu yakatukuta. Wakala mmoja, shati limechomekewa vizuri na kitambulisho shingoni, alitukatia tiketi za basi la saa 8 mchana kwenda Mbeya, 10,000 kila mmoja. Saa 8, hakuna. Saa 9, "liko Mafinga linakuja". Saa 10 wakala mwenyewe hayupo. Aliyetusaidia ni kondakta wa basi jingine kabisa, aliyetazama tiketi, akatikisa kichwa, akasema pandeni, mtalipa nusu. Hatukumjua wala hakutujua. *Kwa mtakaopita:* Makambako panda gari unaloliona kwa macho, na ulipie ndani.

Igawa, Chimala, Igurusi: mpunga, magunia, mabango ya mchele, usingizi. Uyole tukakwama. Barabara ilikuwa inapanuliwa kuwa njia nne kupita jijini, magari yanaruhusiwa upande mmoja kwa zamu, na malori ya Tunduma hayana mwisho. Saa mbili nzima kwa kipande ambacho ningetembea kwa dakika 40. Tuliingia Mwanjelwa saa 4 usiku. Mita nilipima saa 5, haihesabiki: 229.

Siku ya 6, Jumamosi 16: Mbeya

Siku hii watu wote walikuwa mbele ya runinga. Jengo la ghorofa lilikuwa limeporomoka Kariakoo asubuhi. Hata hapo nyumba ya wageni hakuna aliyekuwa anazungumza kwa sauti. Mhudumu ana shemeji yake Kariakoo, simu haikupatikana mpaka saa 8 mchana. Alipompata alikaa chini sakafuni.

Jioni, kama vile siku haikutosha, LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikaisha. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, akanunua umeme kwa simu, ukaja ujumbe wenye namba 60. Sitini! Mafungu matatu ya 20. Akanitazama. "Baba, wewe si fundi?"

Wengi mnalijua hili, lakini nilieleze kwa aliyekuwa safarini. Mita zote za malipo ya kabla duniani zinazotumia mfumo huu wa namba 20 zilikuwa zinahesabu muda tangu mwaka 1993, na kaunta yao ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyohuishwa isingepokea namba mpya. Ndiyo maana manunuzi ya kwanza baada ya kusajiliwa kwenye maboresho yalikuwa yanakuja na mafungu matatu: mawili ya kwanza yanabadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo lenye yuniti. Yaliingizwa kwa mpangilio wake, moja baada ya jingine, na hukulipia chochote cha ziada. Kishoka aliyetaka 10,000 akuhuishie alikuwa wa kufukuzwa.

Mama alisoma, mpwa akabonyeza, mimi nikamulika. Kwenye fungu la pili alisoma "tisa" akimaanisha sita, tukarudia kutoka mwanzo wa fungu. Vidole vyake vilikuwa vinafuata namba kwenye skrini kama anasoma Kurani. Fungu la tatu likaingia, taa zikarudi, wageni wa vyumba vya nyuma wakapiga makofi. Mama akahesabu yuniti. "Kodi ya jengo wamekata 1,500. Nyumba gizani, kodi ipo." Kisha akatuletea ndizi na nyama, ndizi zile za Tukuyu zilizopikwa zikalainika mpaka zinakatika kwa kijiko, na parachichi kubwa kama kiatu cha mtoto. Hatukulipa.

Wakati wa kula nikamuuliza mpwa swali lililonisumbua tangu Iringa. Umeme ni umeme, kwa nini wahangaike na kilovolti 400 wakati 220 ipo? Akawaza kidogo, akaelekeza nje kwenye soko. "Mjomba, una gunia mia za viazi za kupeleka Dar. Ukizipeleka kwa bodaboda zitafika, lakini hesabu safari na mafuta. Ukizipakia kwenye fuso, safari moja. Volti ndiyo ukubwa wa gari. Mzigo uleule, volti ikipanda, mkondo kwenye waya unapungua, na joto linalopotea njiani linapungua zaidi." Nikachukua kitabu cha risiti tukapiga hesabu: kwa mzigo uleule na waya uleule, kutoka 220 kwenda 400 upotevu unashuka chini ya theluthi ya ulivyokuwa. Nilirudia mara mbili. Inatoka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuondoka, tulipita Iganjo, upande wa Uyole, ambako kituo kipya cha Mbeya kilikuwa kinajengwa. Tuliona uzio, winchi na tope. Mwenye duka jirani anasema kodi ya vyumba imepanda tangu mafundi waje. Volti Mbeya, saa 2 usiku: 221.

Siku ya 7, Jumapili: Tunduma

Nauli 6,000. Baada ya Vwawa foleni ya malori inaanza, nikajaribu kuyahesabu nikaacha kwenye 200. Tunduma ni mji usiolala, wabadilisha fedha wanakufuata hadi msalani. Hesabu kwacha zako ukiwa umekaa, si umesimama.

Kwenye mgahawa tulikaa meza moja na dereva wa lori kutoka Zambia, Kiswahili chake kizuri chenye chumvi ya Kibemba. Mpwa alipomwambia tunafuata laini, jamaa akaweka kijiko chini. Kwao Lusaka umeme unakuja saa chache, mara nyingi usiku wa manane, mkewe anaamka saa 8 kupiga pasi sare za watoto. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia ulikuwa wa maji, ukame wa mwaka 2024 ulikuwa umelishusha bwawa la Kariba, na nchi imeinama. "Hiyo laini yenu ingekuwa imefika mwaka huu," alisema, "tungewanunulia hata kwa ng'ombe."

Mpwa akachora kwenye kitambaa cha karatasi. Juu, Ethiopia inashika Kenya. Kenya inashika Tanzania kwa laini ya Namanga. Sisi tukishika Zambia, Zambia tayari imeshikana na wenzake mpaka Afrika Kusini. Mimi nikauliza swali la fundi friji: siku ambayo mabwawa yao na yetu yote yamekauka, nani anamkatia nani? Dereva akacheka. Mpwa akasema kuna mikataba. Bado silipendi jibu hilo, ila kitambaa nimekitunza.

Volti 203.

Siku ya 8, Jumatatu 18: Tunduma – Sumbawanga

Basi saa 12 kamili, na liliondoka saa 12 kamili, nikaandika kwa herufi kubwa. Nauli 13,000, kilomita kama 225, barabara nzuri na haina watu. Nkangamo, ndani ya Momba, tulipita kwa dirishani. Hapo ndipo laini itakapogawanyika, mkono mmoja kwenda mpakani na mwingine kwenda kituo cha Malangali, Sumbawanga. Niliona minara miwili mitatu imesimama mitupu, bila waya, kama watu wanaosubiri usafiri. Laela tulinunua kumbikumbi wa kukaanga, kikombe 1,000. Mpwa alimaliza peke yake.

Dada alitupokea kwa vigelegele vya mtu mmoja. Kabla sijakaa akaniburuta hadi kwenye friza. Iliguna. "Kwek." Ikazima.

Sumbawanga kwa miaka mingi ilikuwa inapata umeme kutoka Zambia, kupitia Mbala, kwa kuwa gridi yetu ilikuwa haijafika huku. Dada alikuwa na hukumu tayari: "Zambia hawana umeme, sisi tutapata wapi?" Saa 2 usiku nikachomeka mita. Friza ikiwa imezimwa, 217. Nikaiwasha. Ikaanguka mpaka 158.

Nikakaa kimya. Nikaomba kwa jirani, waya wa nguzo ileile. Kwake 216, na friji yake inanguruma vizuri.

Siku ya 9, Jumanne

Asubuhi nilizima kila kitu nikafungua kifuniko cha mein swichi. Harufu ndiyo ilitoka kwanza, ile ya plastiki iliyoiva. Skrubu ya waya mweusi, ya nyutro, ilikuwa imelegea. Nikaigusa kwa ncha ya bisibisi ikazunguka bila kushika. Ganda la waya limeyeyuka kama nta, shaba imekuwa nyeusi tii, na plastiki ya nyuma imefanya shimo linaloingia kidole. Aliyefunga kompresa ya kwanza na aliyefunga ya pili, wote walikuwa wamesimama mita mbili kutoka hapo.

Mein swichi mpya 18,000, waya mita mbili 7,000. Mita ya LUKU na lakiri zake sikugusa, hiyo si kazi yangu. Saa 5 asubuhi nikawasha friza. Ikaguna mara moja, ikashika. Volti 214, na kompresa inazunguka.

Dada alisimama mlangoni na beseni la migebuka, ananitazama mimi, mara mwanawe, mara ile swichi ya zamani iliyoungua pale sakafuni.

"Kwa hiyo umezunguka nchi siku nane na hiyo mita yako," akasema, "kuja kunikazia skrubu?"

"Na mein swichi mpya, mama," mpwa akajibu.

Akafungua friza, akaanza kupanga samaki.